Nyumba Mia Moja na Kumi na Mbili

Persis Bosibori aliporudi kutoka Marekani, mwezi wa Januari mwaka 1974, watu wa Keroka walitaka kujua alikuwa amesomea nini huko miezi kumi na sita yote. Udaktari? La. Uwakili? La. Mumewe Mogaka, karani wa posta mjini Kisii, aliwaeleza kwa subira kwamba mkewe yumo katika shahada ya pili, na kwamba shahada yenyewe inahusu nyumba: jinsi watu wanavyopanga matumizi yao, wanavyoweka akiba, na wanavyojijengea mahali pa kuishi. Amerudi kufanya utafiti wa miezi sita, kisha atakwenda kumalizia. Basi watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuja dukani kununua chumvi akauliza kama kweli Wamarekani wamekosa nyumba hata wamwite mwanamke wa Kisii akawaonyeshe.

Mogaka hakukasirika. Alilipia sabuni yake, akavaa kofia, akasema, "Ngojeni tu," akatoka.

Persis alikuwa na miaka thelathini na miwili wakati huo, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa kuwahi jambo. Kabla ya safari alikuwa amefundisha sayansi ya nyumbani kwa miaka saba katika shule moja ya wasichana upande wa Nyamira. Mtaala ulimtaka awafundishe kuoka keki kwa oveni, na oveni katika tarafa nzima ilikuwa ile moja ya shule. Mwaka wa nne, bila kumwomba mtu ruhusa, akaanza kuwafundisha mengine: nyasi za kuezekea hudumu misimu mingapi, kuta za udongo zichanganywe na nini zisipasuke, mama mwenye kipande cha pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, apange vipi mapato yake ili miaka mitatu baadaye awe chini ya paa lisilovuja. Mkaguzi wa shule alipopata habari alikuja kumgombeza. Akaketi nyuma ya darasa, akasikiliza somo zima, akaondoka. Mwezi uliofuata ikaja kwa posta fomu ya kuomba ufadhili wa masomo ya juu, na juu yake mkaguzi alikuwa ameandika kwa penseli: "Jaza hii."

Akaijaza, akapata. Aliwaacha watoto wake wawili kwa mama mkwe. Yule mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu, alimpungia mkono asubuhi ile akidhani mama anakwenda sokoni. Jambo hilo Persis hakulisimulia kwa mtu, ila huko ugenini, katika jimbo ambalo mtu huangalia pande zote nne asione kitu ila mahindi, lilimfanya asome kama mtu anayekimbia mvua.

Mwalimu wake mkuu huko alikuwa Profesa Lindahl, bibi wa miaka sitini, mpole wa sauti na mgumu wa kazi. Profesa alimkabidhi hojaji ya kurasa nne. "Maswali haya yameulizwa katika nchi kumi na moja," alimwambia. "Kayaulize kwako, kaya themanini. Usibadilishe kitu, maana nchi hizi zote zinapimwa kwa kipimo kimoja." Persis alizipokea karatasi zile kwa mikono miwili.

Akaanza kazi. Kila asubuhi alishuka kwenye stendi ya Keroka au ya Masimba, akavaa buti zake za mpira, akapanda vilima. Kufikia mwisho wa Februari alikuwa amejaza hojaji thelathini na nane. La thelathini na tisa lilikuwa boma la mzee Ogari, juu ya Masimba.

Ogari alimkaribisha vizuri. Alimletea kiti, akaketi mbele yake, akajibu kila swali kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. Mwenye nyumba? Ni yeye. Nyumba? Ni moja, ya mabati, vyumba vinne, imeezekwa kwa mkopo wa chama cha ushirika cha pareto. Chanzo cha mapato? Pareto. Nani hupanga matumizi? Ni yeye. Persis akaandika, akashukuru, akanywa uji aliopewa, akaaga.

Hakuwa amefika kwenye njia kubwa aliposikia mtu anamwita.

"Mwalimu! Ningoje kidogo."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mgongoni kikapu cha maua ya pareto, mikono imechafuka kwa utomvu. Jina lake Drusilla, mke wa pili wa Ogari, ingawa wengi walimwita Mama Kerubo kwa jina la bintiye wa kwanza. Aliutua mzigo wake chini.

"Nilikuwa nyuma ya ghala nikawasikia," alisema. "Mzee amekwambia nyumba ni moja."

"Ndiyo, Mama Kerubo. Ya mabati, vyumba vinne."

"Hiyo ni ya mke mwenzangu. Yangu ni ile." Alinyoosha mkono kwenye paa la nyasi lililokuwa ukingoni mwa shamba, moshi ukichujika katikati ya nyasi. "Sasa hebu nionyeshe. Katika hayo makaratasi, mimi umeniandika wapi?"

Persis alifungua hojaji. Akatafuta. Ukurasa wa pili, mstari wa kumi na moja, palikuwa na maneno "watu wengine wanaoishi humo," na mbele yake alikuwa ameandika tarakimu kwa mkono wake mwenyewe.

"Uko hapa," alisema. "Katika tisa."

"Tisa ni akina nani?"

"Ni wewe, na watoto wako sita, na mama mkwe wako, na yule mtu anayechunga ng'ombe."

Drusilla hakupandisha sauti. Aliitazama ile tarakimu kama mtu anayetazama mbegu asiyoijua.

"Mwalimu, mimi nina mlango wangu. Nina moto wangu, nina ghala langu, nina shamba la pareto ninalochuma na wanangu, na hiyo pareto ndiyo iliyonunua mabati ya kule juu. Halafu katika kitabu chako mimi ni 'wengine,' pamoja na mchungaji?" Akamtazama usoni. "Kwani wewe si binti wa huku huku? Hukuzaliwa katika nyumba?"

Aliinua kikapu chake, akaaga kwa heshima, akarudi shambani.

Persis aliketi kwenye jiwe kando ya njia. Angekuwa mgeni angekuwa na udhuru, lakini yeye alizaliwa katika kilima kama hicho, katika nyumba ya tatu ya baba yake. Alijua tangu utotoni kwamba kwa Ekegusii *enyomba* ni kuta na paa, na papo hapo ni mama na watoto wake, shamba lao na moto wao; kwamba boma moja huweza kuwa na *enyomba* tatu au nne, na mwenye boma mwenyewe hana nyumba ila ya kukaribishwa. Hayo yote aliyajua. Aliyaacha pale uwanja wa ndege kama mtu anayeacha viatu mlangoni, akaingia na maswali ya watu wengine. Alizitoa hojaji zote thelathini na tisa kwenye mkoba, akaanza kuzipitia moja moja akikumbuka maboma aliyotembelea. Katika maboma kumi na saba alikuwa ameona zaidi ya mlango mmoja. Alikuwa ameiona milango ile kwa macho yake, akaandika "moja."

Siku hiyo hakwenda boma jingine. Alishuka hadi Masimba, akapanda gari la Kisii, akaenda moja kwa moja posta, akasimama kwenye dirisha la Mogaka kama mteja.

"Nimeharibu kazi," alimwambia. "Lazima nianze upya."

Mogaka aliweka muhuri wake chini. "Upya kabisa?"

"Kabisa. Na miezi iliyobaki ni mitano."

Mogaka alikuwa mtu wa maneno machache. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Maswali mapya unayo?"

"Ninayo kichwani."

"Basi yatoe kichwani. Jumamosi nitakusaidia kupiga mistari."

Wakayaandika mezani kwao, Mogaka na rula yake ya kazini. Hojaji mpya haikuanza na mwenye nyumba. Swali la kwanza lilikuwa: boma hili lina nyumba ngapi? La pili: kila nyumba ni ya nani? Kisha kila mama aulizwe peke yake, mlangoni pake, yote yaliyosalia.

Jumatatu Persis aliipeleka kwa Mariam, binti wa mzee Salat, aliyekuwa na taipureta na mashine ya kunakili nyuma ya duka la baba yake mjini Kisii. Mariam alikuwa amewapigia chapa mawakili, machifu na mapasta, na hakuwa na desturi ya kuzungumzia kazi za watu. Lakini alipofika swali la pili vidole vyake vilisimama juu ya taipureta.

"Dada Persis, hili swali utawauliza watu wote?"

"Wote."

"Mamangu hajaulizwa hili tangu azaliwe," alisema Mariam, akaendelea kugonga. Alipomaliza kunakili karatasi zote alikataa malipo ya karatasi ishirini za mwisho.

Persis alimwandikia Profesa barua ya ndege, akaeleza kwa adabu na kwa urefu. Jibu lilichukua wiki tatu. Alilisomea posta, mumewe akiwa upande wa pili wa dirisha. Profesa Lindahl aliandika kwamba anaelewa, lakini kipimo hakibadilishwi kazi ikiwa imeshaanza. Kaya ni kaya. Ajaze hojaji kama ilivyo, na hiyo desturi ya kwao aieleze katika tanbihi. Akibadilisha, hawezi kumhakikishia kwamba jopo litaikubali tasnifu yake.

"Tanbihi ndiyo nini?" Mogaka aliuliza.

"Maandishi madogo chini ya ukurasa."

Mogaka alikunja barua ile taratibu, akamrudishia. "Kwa hiyo mama yako anatakiwa awe maandishi madogo."

Persis alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya Masimba. Akanunua karatasi ya barua ya ndege papo hapo, akaandika mistari minne: kwamba anamshukuru Profesa kwa ushauri wake, kwamba ameufikiria sana, na kwamba ataendelea na hojaji mpya. Akailamba gundi ya karatasi ile, akaifunga. Aliyafahamu vizuri aliyokuwa anayaweka hatarini: miezi kumi na sita, na mtoto aliyejifunza kumwita bibi yake mama.

Mvua ya masika ikaja na mawe yake. Persis alipanda na kushuka vilima kutoka Keroka hadi Masimba, kutoka Masimba hadi ng'ambo ya Nyamira, karatasi zake zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya mkoba. Mambo yalikuwa yamebadilika. Hapo awali alikuwa akiketishwa kwenye kiti na kuletewa majibu. Sasa aliwauliza akina mama wakiwa shambani, naye akichuma pareto pamoja nao ili asiwacheleweshe, au wakigeuza maua kwenye mikeka ya kukaushia. Walimweleza kila kitu. Habari zilimtangulia, akifika boma jipya alimkuta mama amesimama mlangoni amejifunga kitambaa safi. "Wewe ndiye yule mwalimu anayeuliza nyumba ni ya nani?" Drusilla alikuwa amepeleka habari zile kwa jamaa zake, na jamaa zake kwa jamaa zao.

Katika kilima kimoja karibu na Nyamira, mwanamke mmoja mfupi, mcheshi, mke wa tatu, alimvuta ndani, akafunga mlango, akapiga magoti, akatoa chini ya kitanda vitu vilivyofungwa kwa magunia. Yalikuwa mabati. Kumi na moja.

"Nanunua mawili mawili kila msimu," alisema. "Nyasi za kuezekea zimekwisha huku, kila mahali pamelimwa. Yakitimia ishirini na manne nitaezeka."

"Umejuaje ni ishirini na manne?"

Mwanamke yule alimtazama kwa mshangao. "Nimelipima paa kwa hatua, nikaenda dukani nikalipima bati kwa hatua. Kwani wewe ungefanyaje?"

Persis alisimama katikati ya chumba kile cha giza, akayahesabu mabati yale tena. Kule chuoni alikuwa amesoma vitabu vitatu vinene juu ya mipango ya fedha ya muda mrefu, akaambiwa kwamba watu wasio na mshahara hawana uwezo nayo. Akaandika yote aliyoambiwa, hata idadi ya hatua.

Mwezi wa Juni aliitwa ofisini na mwenyekiti wa chama cha ushirika cha pareto, Jethro Ombati. Alikuwa mzee wa kanisa, mnene, mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa vizuri. Hakumwambia aketi.

"Mwalimu Persis, wanaume wamekuja kwangu. Wanasema unapita katika maboma ukiwachochea wake zao wadai mikopo."

"Mwenyekiti, sijamwambia mtu adai kitu. Nauliza maswali tu, na kuandika ninayojibiwa."

"Unauliza maswali gani?"

Akampa hojaji. Ombati akavaa miwani, akasoma. Alisoma muda mrefu. Persis akachukua nafasi hiyo kuomba aone fomu ya chama ya mkopo wa kuezekea. Karani alimletea. Ilikuwa na mstari mmoja: jina la mwanachama, na mbele yake neno "nyumba," na nafasi ya neno moja.

"Fomu hii nani aliiandika?" aliuliza.

"Ilitoka Nairobi hivyo hivyo."

"Na yangu ya kwanza ilitoka Marekani hivyo hivyo."

Ombati alivua miwani. Persis hakuweza kusoma uso wake. "Sikiliza, binti yangu," alisema mwishowe. "Wewe bado ni mwanafunzi. Kesho mtu ataniuliza, huyo anayetupima ni nani, nami nitajibu nini? Kamalize kwanza. Lete hiyo shahada hapa, uiweke juu ya meza hii. Ndipo tutazungumza."

"Nitaileta, mwenyekiti," alisema Persis.

Mwezi wa Agosti alipoondoka kurudi chuoni, alikuwa amehesabu maboma sitini na moja, na ndani yake nyumba mia moja na kumi na mbili.

Profesa Lindahl hakumfukuza. Alimpokea vizuri, akamwuliza habari za watoto, akaweka hojaji mpya kwenye rafu bila kuifungua. Majira ya baridi yote Persis aliandika peke yake katika maktaba, koti mabegani. Takwimu alizipanga na kuzipangua. Zilipotulia, zilisema jambo moja waziwazi: nyumba za wake wa pili na wa tatu zilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote, lakini katika kila mikopo tisa ya kuezekea, zilipata mmoja. Na zile nyumba ambazo mama mwenyewe alipanga mapato yake ndizo zilizokuwa na akiba, iwe ya nafaka, ya mbao, au ya mabati chini ya kitanda. Aliandika sura tano. Tanbihi aliweka chache sana.

Siku ya kuitetea tasnifu ilikuwa mwezi wa Aprili 1975. Jopo lilikuwa na watu wanne, Profesa Lindahl kiti cha mwisho karibu na dirisha. Saa nzima waliuliza juu ya hesabu, naye akajibu. Kisha profesa mmoja, bwana mwenye tai ya kipepeo, akaegemea nyuma.

"Bi Bosibori, tuseme mwanamume ana wake watatu na nyumba tatu. Nieleze, kaya yenyewe ni ipi? Lazima iwe moja. Bila hivyo hatuna cha kuhesabu."

Persis alisimama, akaenda ubaoni, akachukua chaki. Akachora boma la Ogari kama alivyolijua: nyumba ya juu, nyumba ya ukingoni, maghala mawili, zizi, kibanda cha wanaume, mashamba ya pareto yakishuka bondeni. Akachora moshi ukitoka katika kila nyumba.

"Mnaweza kuhesabu boma, mkapata moja," alisema. "Mkapata pia paa moja la mabati na mtu mmoja anayepanga mambo. Lakini wanaolima hapa ni wawili, wanaoweka akiba ni wawili, na watoto wanakula katika vyungu viwili. Hojaji ya zamani iliniambia mama huyu" — akaweka chaki juu ya nyumba ya ukingoni — "ni mtu mmoja katika watu tisa. Mimi nimekwenda kumwuliza. Ana mpango wa miaka mitano. Anaujua kwa kichwa."

Profesa Lindahl, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameuliza hata swali moja, akainua mkono kidogo kama mwanafunzi.

"Katika zile nchi kumi na moja," aliuliza polepole, "ni ngapi ambazo tungekuta nyumba kama hiyo, tukiuliza?"

"Sijui, Profesa," alijibu Persis. "Hatukuuliza."

Yule bibi alitazama ubao kwa muda. "Nimeitumia hojaji ile miaka kumi na tisa," alisema, kama anajisemea mwenyewe. Kisha akawageukia wenzake. "Mimi nimetosheka. Ningependa iandikwe kwamba mwanafunzi huyu alikataa ushauri wangu, na kwamba alifanya vyema."

Persis alitoka nje akasimama chini ya ukuta wa matofali, jua la Aprili likimpiga usoni bila joto, akajikuta anazungumza Ekegusii peke yake, kwa sauti, na wanafunzi wanapita.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo aliingia ofisini kwa Jethro Ombati, akafungua bahasha ngumu, akaiweka shahada juu ya meza. Ombati aliisoma neno kwa neno, pamoja na saini. Akainuka kwenye kiti chake.

"Keti hapa, Mwalimu," alisema, akimwonyesha kiti kile kile. "Mkutano mkuu ni wiki ijayo. Nitakupa saa moja."

Mkutano ulifanyika Keroka, kwenye uwanja wa chama, wanachama wakiwa wameketi kwenye nyasi na wanawake wamesimama nyuma kando ya ua. Persis alizungumza kwa Kiswahili kwanza, kwa ajili ya maofisa wa serikali waliokuwepo, kisha kwa Ekegusii. Hakuwalaumu wanaume. Alisoma alichokihesabu, kilima kwa kilima, bila kutaja boma la mtu. Kisha akaweka pendekezo: fomu ya mkopo iwe na mistari mingi, kila nyumba ya mwanachama iandikwe na jina la mama mwenye nyumba hiyo, na ikopeshwe kwa pareto inayoleta yenyewe.

Kelele zikaanza. Kijana mmoja mwenye koti jipya aliruka juu. "Huyu anataka kujenga ukuta katikati ya boma langu! Leo mstari, kesho mpaka!" Wengi wakampigia makofi. Ombati aligonga meza mara tatu asisikike.

Ndipo mzee Ogari akasimama katikati ya watu, fimbo mkononi. Persis alimwona, asijue angesema nini.

"Mwalimu huyu alikuja kwangu," alisema Ogari, na kelele zikapungua kwa kuwa alikuwa mkubwa wa umri. "Nikamwambia nyumba ni moja. Tangu hapo mke wangu wa pili hajaniacha nipumue." Watu wakacheka. "Je, nilidanganya? Sikudanganya. Niliulizwa vibaya! Mngeniuliza nyumba za nani, ningewatajia zote na ng'ombe wa kila moja. Ninyi wote hapa mnazijua nyumba zenu. Nani hapa hajui amekula kwa nani jana?" Akamgeukia yule kijana. "Kuandika jambo unalolijua kunajengaje ukuta? Mimi nakubali mistari."

Akaketi. Kisha kicheko kikapita uwanja mzima, si kicheko cha dharau, na Ombati akaomba mikono. Karani alihesabu mara mbili. Waliokubali walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Waliokataa, thelathini na wanane. Kule nyuma, kando ya ua, wanawake ambao hawakuwa na kura walipiga vigelegele hata maofisa wa serikali wakageuka kuwatazama.

Fomu mpya zilipigwa chapa na Mariam mjini Kisii, na wiki mbili baadaye akina mama wa kwanza walikuja ofisini kwa chama kujiandikisha. Drusilla alikuwa wa tano kwenye foleni. Alikataa wino wa kuwekea alama ya kidole aliopewa na karani. Alikuwa amejifunza masomo ya watu wazima kanisani muhula mzima, akachukua kalamu, akaandika herufi nane za jina lake, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, akatoka bila kutazama nyuma.

Persis alikuwa amesimama barazani na Mogaka, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aone. Mogaka alikuwa amevaa suti yake ya harusi, siku ya Jumatano, na kila aliyepita alimsalimu na kumweleza, bila kuulizwa, "Huyu ni mke wangu. Ndiye aliyefanya utafiti." Alimweleza hata dereva wa lori aliyesimama kuuliza njia ya Kericho. Persis alimvuta mkono anyamaze, lakini hakuuvuta sana.

Walikuwa wanashuka ngazi kwenda kunywa chai hotelini wakati mwanamke mmoja mzee, ambaye Persis hakumjua, alipowazuia njiani. Miguu yake ilikuwa na tope jekundu hadi magotini. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka mbali, ng'ambo ya Nyamira, kilima ambacho Persis hakuwahi kukifikia.

"Mwalimu, sisi kwetu hujatufikia," alisema. "Tuko wengi. Utakuja lini?"

Persis alitazama buti zake za mpira, zilizokuwa zimeegemezwa ukutani pale barazani, zimeanza kupasuka ubavuni.

"Kesho ni Alhamisi," alisema. "Nitakuja kesho, mama. Niambie tu njia."